Beji ya mionzi imepanda: tafuta chanzo ndani ya thieta

Ripoti ya beji, kile kipimo kidogo unachovaa kuhesabu mionzi inayokupata, ikirudi na namba imepanda, neno la kwanza thieta huwa ni kwamba mashine imechakaa. Mara nyingi si-amu, ile mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la herufi C, haina kosa. Chanzo kinakuwa mahali tyubu, sehemu inayotoa mionzi, ilipoelekezwa, mahali mtu aliposimama, au mguu uliosahauliwa kwenye pedali ya kuwashia mionzi wakati hakuna anayetazama skrini. Hayo yanarekebishika leo, bila zabuni na bila fundi, na ndiyo sababu inaniuma kuona timu nzuri ikiendelea kumeza mionzi isiyo na kazi mwaka baada ya mwaka.

Mwongozo huu ni kwa wote wanaosimama chumbani: daktari wa mifupa, muuguzi wa meza na yule anayezunguka, mtu wa usingizi na mpiga picha. Nenda moja kwa moja kwenye tatizo lako, ila soma kwanza aya hizi mbili.

Mwali mkuu hutoka kwenye tyubu, hupita kwa mgonjwa, huishia kwenye kipokezi cha picha. Wewe haumo njiani, labda uwe umeingiza mkono. Kinachokupata ni mionzi inayotawanyika baada ya kugonga mwili wa mgonjwa, na hutawanyika zaidi upande ule mwali unapoingilia. Ni kama tochi iliyoelekezwa ukutani usiku: hukumulikwa wewe, lakini mwanga wake umekufikia. Kwa makadirio ya kawaida, umbali wa mita 1 kutoka kwa mgonjwa mionzi hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya ile inayoingia kwenye ngozi yake. Ukirudi hadi mita 2 inabaki robo. Ukisogea hadi nusu mita inakuwa mara nne. Pedali ikiachiwa, imekwisha: hakuna kinachobaki hewani, kwenye shuka wala kwenye vifaa.

Mipaka inayopendekezwa na Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi kwa mfanyakazi ni milisivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa mwili mzima, kwa wastani wa miaka 5, bila mwaka wowote kuvuka 50. Mikono na ngozi ni 500. Lenzi ya jicho ilikuwa 150, lakini 2011 ikashushwa hadi 20, kwa sababu mtoto wa jicho alionekana kutokea kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Usiisubiri namba ya mwisho. Mtu wa thieta ya mifupa anayevaa aproni yenye madini ya risasi sawasawa, beji yake ya ndani ya aproni hutakiwa kuwa chini kabisa ya 20, kwa hiyo hata kupanda kusikofika mpaka ni sababu ya kuuliza.

Beji imesoma juu kuliko kawaida yako

Anza kwa kuhakikisha ni wewe uliyepata mionzi hiyo, si beji peke yake. Aproni ikivuliwa na kutundikwa ndani ya thieta na beji ikiwa bado imebanwa kolani, beji hiyo inaendelea kuhesabu kesi za wenzako hadi jioni. Hili ndilo ninalolikuta mara nyingi zaidi. Beji hukaa pamoja na beji ya ulinganisho, ile isiyovaliwa na mtu, nje ya eneo la mionzi, na kila mtu ana ndoano yake yenye jina.

Uliza pia kama mwenye beji alipigwa picha yeye mwenyewe akiwa ameivaa, au alifanyiwa kipimo cha dawa yenye mionzi. Aliyefanyiwa skani ya mifupa Jumatatu na akavaa beji Jumanne ataipandisha kwa mionzi inayotoka mwilini mwake. Halafu angalia nafasi ya kuvalia. Ukipewa beji mbili, moja hukaa ndani ya aproni usawa wa kifua au kiuno, nyingine nje kwenye kola. Zikibadilishana nafasi, ile inayodaiwa kuwa ya ndani itasoma kama umefanya kazi bila aproni kabisa.

Ukishaondoa hayo, ndipo uangalie mpangilio wa chumba. Simama thieta kesi moja nzima bila kufanya kazi nyingine yoyote, utazame jambo moja tu: tyubu iko wapi, na kila mtu yuko wapi inapopiga. Kwa picha ya juu-chini, tyubu iwe chini ya meza na kipokezi juu. Hapo mionzi mingi ya kutawanyika hushuka miguuni na sakafuni. Ukigeuza tyubu ikawa juu, mionzi hiyo hiyo inapanda kifuani, shingoni na machoni. Madaktari wa mkono hupenda kuigeuza ili kipokezi kiwe meza ya kulazia mkono wa mgonjwa. Naielewa sababu yao, lakini iwe uamuzi unaofanywa kwa kesi husika, si mazoea ya chumba.

Kwa picha ya ubavuni, simama upande wa kipokezi. Upande wa tyubu ndio wenye mionzi mingi, na bado unakuta watu wamejipanga hapo kwa kuwa tu ndipo meza ya vifaa ilipowekwa. Meza ya vifaa inahamishika.

Daktari au muuguzi anayefanya kazi hospitali mbili aangaliwe peke yake. Asubuhi yuko hospitali ya serikali na beji, jioni yuko hospitali binafsi bila beji au na beji nyingine ambayo ripoti yake haiendi popote. Mpaka wa dozi unamfuata mtu, hauifuati hospitali. Namba za sehemu zote mbili zijumlishwe, na afisa wa usalama wa mionzi ana haki ya kuziuliza.

Beji inasoma karibu na sifuri kila mara

Usifurahi bado. Daktari anayefunga misumari ya paja (vyuma virefu vya kuunga mfupa kwa ndani) kila wiki na beji ya kola ikarudi tupu, uwezekano mkubwa beji iko kwenye droo. Beji nyingi zetu husomwa kwa kupashwa joto maabara, kwa hiyo iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani inaweza kupoteza sehemu ya ilichohifadhi. Nyingine hufuliwa pamoja na nguo za thieta. Wapo pia wanaoificha kwa makusudi, wakihofia kwamba namba kubwa itawaondoa kazini. Hofu hiyo izungumzwe wazi kwenye kikao cha idara, kwa maana beji iliyofichwa haimkingi mtu hata kidogo, na inawanyima wenzake dalili kwamba chumba kina tatizo.

Kengele ya dakika 5 inalia kila kesi

Mashine hutoa mlio muda wa mionzi unapojumlika hadi dakika 5. Ikilia kwenye kesi ndefu ya nyonga si ajabu. Ikilia kwenye kesi ambayo wengine humaliza kwa sekunde chache, tazama mguu na masikio.

Mguu kwanza. Pedali ikandamizwe kwa kugusa na kuachia, kisha utazame picha ya mwisho iliyobaki kwenye skrini. Picha hiyo haitoi mionzi yoyote, itazame utakavyo. Wapo wanaokandamiza wakati drili inazunguka mwanzo hadi mwisho, huku macho yao yako kwenye jeraha. Hapo hakuna anayeona picha, na chumba kizima kinalipa.

Masikio yanafuata. Daktari anasema "sogeza juu". Mpiga picha anapandisha mashine kuelekea dari, kumbe daktari alitaka kuelekea kichwani. Picha moja imepotea, anapiga nyingine kusahihisha, na nyingine kuhakikisha. Kabla ya kumpaka mgonjwa dawa kubalianeni maneno: kichwani, miguuni, darini, sakafuni, kwako, kwangu. Kubalianeni pia kwamba anayepiga hutamka "napiga" kwanza, ili sista anayepita na trei arudi nyuma. Weka alama za utepe sakafuni pale magurudumu yalipokuwa picha ilipotoka vizuri, ili mashine ikiondolewa irudi hapo hapo. Kama si-amu yenu ina taa ya leza ya kulengea, iwasheni. Kazi yake ni kumaliza picha za kutafuta.

Angalia pia mpangilio wa mapigo, yaani mara ngapi kwa sekunde mwali huwaka. Mashine nyingi huanza na mapigo 25 au 30 kwa sekunde, au mwali usiokatika. Kazi nyingi za mifupa zinaridhika na mapigo 8 au pungufu. Mfupa haupigi kama moyo. Mwambie fundi aweke kiwango cha chini kiwe ndicho mashine inachowakia nacho, kwa sababu asubuhi yenye kesi sita hakuna atakayekumbuka kukibadilisha kwa mkono.

Picha ni hafifu, na mashine inazidi kupandisha

Si-amu hujirekebisha yenyewe. Picha ikiwa nyeusi au na ukungu, inapandisha kV na mA (nguvu na wingi wa mionzi) mpaka ione. Ndiyo maana picha mbaya na dozi kubwa huja pamoja, na ukitatua moja umetatua zote mbili.

Chanzo cha kwanza ni kipokezi kuwa mbali na mgonjwa. Kishushe mpaka kikaribie kugusa shuka tasa, na tyubu iwe mbali upande wa pili. Tyubu ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye ngozi badala ya 60, ngozi hiyo inapokea mara nne. Kile kitenganishi kinachofungwa mdomoni mwa tyubu kipo kwa kazi hiyo. Kikivuliwa kwa ajili ya nafasi, kirudishwe kabla ya kesi inayofuata.

Cha pili ni kitu kizito ndani ya mwali: ritrakta ya chuma (kifaa cha kupanulia jeraha), ukingo wa meza, pindo la aproni lililoning'inia, au mkono wa mtu. Mashine haijui kwamba ule ni mkono. Inaona tu giza, inaongeza nguvu. Glavu zenye risasi huingia kwenye mtego huu huu. Hupunguza mionzi inayotawanyika kidogo tu, na zikiingia kwenye mwali mkuu mashine hupandisha na faida yenyewe inapotea, huku aliyezivaa akijiona salama.

Cha tatu ni uwazi wa mwali. Ufunge kwa kolimeta, kifaa cha kubana mwali, ubaki kwenye mfupa unaouhitaji. Picha hunoga kwa sababu mionzi ya kutawanyika imepungua, na dozi ya kila mtu inashuka. Sijui jambo jingine linaloleta faida zote mbili kwa kubonyeza kitufe kimoja, na bado nakuta kesi nzima imefanywa mwali ukiwa wazi hadi mwisho. Kukuza picha nako hupandisha dozi. Kuza pale tu unapohitaji kuona ncha ya skrubu, kisha rudisha.

Unene wa mgonjwa hauna dawa, ila ujue bei yake: kila sentimita 3 au 4 za nyama hupunguza mwali kwa takriban nusu, na mashine lazima ifidie. Kuinamisha mkono wa si-amu kimshazari kunarefusha njia ndani ya mwili huo huo. Kwa mgonjwa mnene, umbali wako na muda wa pedali ndivyo unavyoweza kuvidhibiti.

Beji ya pete (ya kidoleni) iko juu, beji ya mwili iko sawa

Hapa naenda taratibu, maana hili ndilo tatizo halisi la mifupa. Mikono inaingia kwenye mwali mkuu, ambako aproni haisaidii kitu. Na mara nyingi inaingia kwenye hatua moja inayojulikana: kufunga skrubu za chini za msumari wa paja au wa muundi, pale daktari anapotafuta tundu lionekane duara kamili na kushikilia ncha ya drili juu yake kwa mkono.

Shikilia drili au pini kwa koleo ndefu, si kwa vidole. Weka ncha, ondoa mkono, piga picha moja, angalia, rekebisha, piga tena. Kila mkono ukionekana kwenye skrini, mpiga picha aseme "Dokta, mkono" na asionekane mkorofi. Mkuu wa thieta ndiye wa kumpa ruhusa hiyo mbele ya wote, kwa sababu kijana wa mwaka wa kwanza kazini hatamkatiza bingwa bila kuwa ameruhusiwa. Kama nafasi ya drili inaruhusu, kipokezi kiwe upande wa daktari na tyubu upande wa pili wa mguu. Nafasi ikikosekana, kaeni hivyo hivyo, lakini daktari arudi hatua nzima kabla ya kila picha.

Ipo pia njia ya kutohitaji mashine kabisa hatua hiyo. Misumari ya SIGN, shirika lililoanzishwa 1999 huko Richland, jimbo la Washington, Marekani, na daktari Lewis Zirkle, hufungwa kwa fremu ya kulengea inayoelekeza drili hadi kwenye tundu bila eksirei. Ilibuniwa kwa hospitali zisizo na si-amu, na imetumika miaka mingi katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili na hospitali nyingine za Afrika Mashariki. Hata ukiwa na si-amu, fremu ya namna hiyo inaokoa vidole.

Beji ya kola iko juu, au macho yanatia shaka

Ukishahakikisha tyubu iko chini, angalia skrini imewekwa wapi. Ikiwa pembeni, daktari anageuza shingo na mionzi inayotoka kwa mgonjwa inaingia kwa ubavu wa miwani, nyuma ya kioo cha risasi. Skrini iwe mbele yake, ng'ambo ya meza. Miwani iwe na kinga za pembeni na ikae karibu na mashavu, maana mionzi hupanda kutoka chini. Miwani ya kawaida ya kusomea haihesabiki. Kinga ya shingo ifungwe ikaze. Iliyolegea inaacha pengo juu ya mfupa wa kifua.

Kuona ukungu kukianza, nenda kliniki ya macho na umtajie daktari kwamba unafanya kazi na eksirei, ataje anachokiona na kiko wapi kwenye lenzi. Mtoto wa jicho wa mionzi huanza zaidi upande wa nyuma wa lenzi.

Aproni ipo, lakini beji ya ndani inapanda

Aproni ya milimita 0.5 za risasi huzuia zaidi ya asilimia 90 ya mionzi ya kutawanyika, ikiwa nzima. Kinachoiharibu ni kukunjwa, kukaliwa, na kutupwa juu ya kiti. Risasi hupasuka ndani na kitambaa cha nje kinabaki kizuri. Ipapase kwa vidole ukitafuta mikunjo na uvimbe, na angalau mara moja kwa mwaka ipigwe picha. Ukiipiga kwa si-amu, weka kV ya chini kwa mkono. Ukiacha mashine ijirekebishe itapambana na risasi hadi kileleni. Andika namba ya aproni, tarehe na matokeo. Iliyopasuka eneo la kifua, tumbo au nyonga itolewe chumbani siku hiyo hiyo, vinginevyo kesho utamkuta mtu kaivaa.

Halafu saizi. Tundu kubwa la kwapa linaacha ubavu wa titi wazi, na anayeinua mkono kushika mguu wa mgonjwa analifungua zaidi. Hospitali ikinunua aproni zote saizi kubwa, wanaoumia ni wauguzi wadogo wa umbo.

Mtu wa usingizi na anayezunguka husahaulika hapa. Wamevaa aproni ya mbele pekee, kisha wanageuka kuvuta dawa kwa sindano au kuchukua dripu, na mgongo mtupu unaelekea kwa mgonjwa. Wapewe aproni ya kuzunguka mwili mzima, au kigao cha risasi chenye magurudumu kichwani mwa mgonjwa.

Kichwa kinauma, mwili umechoka baada ya siku ya eksirei

Dozi za thieta hazileti maumivu ya kichwa wala uchovu siku hiyo. Tafuta kwingine: aproni ya kilo kadhaa mabegani kutwa nzima, kutokunywa maji, gesi za usingizi zinazovuja, joto. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaoshi eksirei mwilini, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuoshwa. Wanaume wanaohofia uzazi wajue kwamba mbegu hupungua kwa muda pale korodani zinapopokea kama miligrei 100 (kipimo kingine cha dozi) au zaidi kwa mkupuo, na aliyevaa aproni nzima yuko mbali mno na hapo. Ngozi ya mikono ikikauka, kucha zikipasuka na nywele za vidole kupotea baada ya miaka ya kazi, hilo ni jambo jingine. Mpeleke kwa daktari wa ngozi pamoja na kumbukumbu zake za beji.

Muuguzi ana mimba

Atoe taarifa mapema, na taarifa hiyo isimpunguzie posho. Tangu atangaze, mtoto tumboni asizidi milisivati 1 kwa muda wote uliobaki. Apewe beji ya tumboni, ndani ya aproni, inayosomwa mara nyingi zaidi. Si lazima aondolewe thieta: kwenye kazi za kuzunguka, umbali wa mita 2 na aproni ya saizi yake mara nyingi vinatosha. Lakini akitaka kuhamishwa kwa muda, ahamishwe bila maneno.

Umerekebisha yote, namba haishuki

Sasa mashine ichunguzwe. Nchini Tanzania utaita Tume ya Nguvu za Atomiki, inayosimamia mionzi kwa Sheria Na. 7 ya 2003. Kenya ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Kabla ya kupiga simu kusanya ripoti za beji za watu wote wa chumba hicho, si za mmoja tu, na daftari la kesi lenye aina ya upasuaji, muda wa mionzi na namba ya dozi iliyoonyeshwa na mashine mwisho wa kila kesi. Kama daftari hilo halipo, lianze kesho na kesi ya kwanza. Mchunguzi akikuta kesi za aina moja, kwa madaktari wale wale, zina muda ule ule lakini dozi inapanda mwezi hadi mwezi, ataanzia kwenye kipokezi na tyubu. Akikuta muda ndio unaopanda, atawarudisha kwenye pedali.